Kabla hujachora, badilisha mstari: usikubali programu ikusemee

Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Umekesha. Mradi wako una kurasa sabini, na katikati yake kuna mchoro mmoja ambao ndio roho ya kazi nzima: unaonyesha nani anaomba nini kwa nani, na data inakwenda wapi. Umeuprinti kwenye saiba iliyo karibu na geti, ukaubana kwa stepla, ukaupeleka. Wiki moja baadaye unarudishiwa. Kando ya mchoro kuna swali moja kwa kalamu nyekundu: "Mstari huu unamaanisha nini?"

Unautazama. Hujui. Hukuuchagua. Ulivuta kutoka sanduku moja hadi jingine, mstari ukatokea, ukasonga mbele. Ndivyo ulivyofanya mara arobaini, na sasa una mistari arobaini inayofanana kama sare za shule.

Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza nawe leo, kijana mwenzetu. Najua unawaza: kwani tahariri nzima ni ya mstari? Kuna ukosefu wa kazi, kuna karo, kuna mambo chungu nzima, halafu nyinyi mnaniletea habari ya mishale? Ndiyo, tunakuletea. Vumilia kidogo, kisha uamue mwenyewe kama ni jambo dogo.

Difolti ni uamuzi wa mtu mwingine

Kila programu ya kuchorea, iwe ni draw.io, Microsoft Visio, LibreOffice Draw, Lucidchart au hata ile sehemu ya maumbo ndani ya PowerPoint, huja na mstari wake tayari. Unene umeshaamuliwa, rangi imeshaamuliwa, na kichwa cha mshale kimeshachaguliwa. Wanaotafsiri programu huita hali hiyo chaguo-msingi. Sisi wengine huku vyuoni tunasema difolti tu, na ndilo neno tutakalotumia hapa.

Ukifungua draw.io ukavuta kiunganishi kutoka umbo moja hadi jingine, kwa kawaida unapata mstari mweusi mwembamba wenye kichwa cha mshale kilichojaa. Ukichora mstari katika PowerPoint bila kugusa chochote, mara nyingi unapata mstari mwembamba wa bluu. Kuna mtu aliyeketi mahali akaamua hivyo. Si mtu mbaya. Alitafuta mstari ambao haungemuudhi mteja yeyote, wa benki, wa kiwanda au wa shule. Hakujua habari za mradi wako. Difolti ni kama sare iliyoshonwa kwa kipimo cha wastani: inamwingia karibu kila mtu, lakini haimkai mtu yeyote sawasawa.

Usidharau nguvu ya difolti. Mwaka wa 2003, watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu watu wanaokubali viungo vyao vitolewe kuwasaidia wagonjwa baada ya wao kufariki. Ujerumani waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, nchi jirani inayozungumza Kijerumani vilevile, walikuwa zaidi ya asilimia 99. Je, Waaustria wana huruma mara nane kuliko Wajerumani? La. Austria unahesabiwa kuwa umekubali mpaka useme hutaki. Ujerumani unahesabiwa kuwa hujakubali mpaka useme unataka. Watu wengi hawakusema lolote, na ule ukimya wao ukahesabiwa kuwa jibu.

Kama difolti inaweza kuamua jambo zito kama hilo, usishangae kwamba ndiyo inayoamua mishale yako.

Mstari ni lugha, na tayari unaisoma

Rudi kidogo darasani, kwenye somo la Jiografia. Unakumbuka ramani za vipimo vya 1:50,000? Mwalimu alikuwekea mbele ramani yenye mistari mamia na hukupotea. Njia ya miguu ilichorwa kwa vipande-vipande. Kontua zilikuwa za rangi ya kahawia, na baada ya kontua kadhaa nyembamba ikaja moja nene ili jicho lisichoke kuhesabu. Mto ulikuwa wa samawati. Hebu fikiria mchoraji ramani angeamua kutumia mstari mmoja mweusi kwa mto, barabara, njia ya miguu na mpaka. Ungevuka mpaka ukidhani unaoga mtoni.

Waliosomea Drawing and Design wanalijua hili kuliko sisi sote. Ukingo unaoonekana huchorwa kwa mstari mzima, mnene. Ukingo uliofichika nyuma ya kitu huchorwa kwa vipande-vipande. Katikati ya tundu hupita mstari mwembamba wa kipande kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Kanuni hizi zimo katika viwango vya kimataifa vya ISO 128, na huko mstari mnene huwa mara mbili ya unene wa ule mwembamba. Ndiyo maana mtu wa karakana ya Mombasa anaweza kupokea mchoro uliotoka Ujerumani, asijue Kijerumani hata neno moja, na bado akatoboa tundu mahali panapofaa.

Kwa wanaosoma kompyuta, lugha hiyo imeandikwa pia. UML, iliyokubaliwa rasmi na shirika la Object Management Group mwaka wa 1997, ina sarufi ya mistari. Katika mchoro wa madarasa ya programu, mstari mzima usio na mshale unasema vitu viwili vina uhusiano. Mstari mzima wenye pembetatu tupu unasema hiki ni aina ya kile: Mwanafunzi ni aina ya Mtumiaji. Pembetatu hiyohiyo juu ya mstari wa vipande-vipande inasema darasa hili linatimiza ahadi iliyoandikwa kwingine. Na mstari wa vipande-vipande wenye mshale wazi unasema hiki kinakitegemea kile. Ukigusa kile, hiki kinaweza kuharibika.

Sasa linganisha na ule mstari wa difolti: mzima, wenye kichwa kilichojaa. Katika orodha hiyo haumo! Umechora madarasa kumi na mawili, ukayaunganisha kwa neno ambalo lugha hiyo haina. Halafu ukihamia kwenye mchoro wa mfuatano, ule unaoonyesha ujumbe ukienda na kurudi, mstari huohuo unapata maana: ni mwito unaosubiri jibu kabla ya kuendelea. Kumbe mstari mmoja unaweza kuwa bubu hapa na kusema jambo zito pale, nawe hukukusudia lolote kati ya hayo mawili.

Kweli, draw.io ina rafu yake ya maumbo ya UML yenye mistari sahihi, na anayeitumia hatupingani naye. Lakini usiku wa manane, ukiwa na haraka, unavuta tu kutoka ubavuni mwa sanduku. Na ukivuta kutoka ubavuni, unapewa difolti.

Gharama yake si alama tu

Labda wewe si wa mitihani tena. Umemaliza, unatafuta riziki kwa kuunda mifumo ya biashara ndogondogo. Chukua mfano unaoujua: mteja analipa kwa simu. Mfumo wako unatuma ombi la malipo, kisha simu ya mteja inaonyesha dirisha la kuweka namba ya siri. Papo hapo mfumo wako unapata jibu. Jibu hilo halisemi pesa imelipwa. Linasema tu: ombi lako limepokelewa. Habari ya kwamba mteja ameweka namba ya siri, ama amekataa, ama hana salio, huja baadaye, kwa njia nyingine, kwenye anwani uliyoiandaa.

Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa. Kwenye mchoro mzuri, ombi ni mstari mzima, jibu la papo hapo ni mstari wa vipande-vipande, na habari inayokuja baadaye ina mshale wake wazi unaoonyesha kwamba hakuna aliyesimama akiisubiri. Sasa chora yote matatu kwa mstari wa difolti, umpe mwenzako aandike msimbo. Ataona mshale mweusi ukienda na mshale mweusi ukirudi. Atadhani mshale unaorudi ni malipo. Mfumo utaanza kutoa bidhaa mara tu ombi linapopokelewa, na mwenye duka atagundua jioni kwamba mzigo umetoka na pesa haikuingia.

Nani atalaumiwa? Mwandishi wa msimbo. Lakini yeye alisoma kile kilichochorwa.

Wala si mambo ya kompyuta pekee. Miaka michache iliyopita, kikundi chetu cha vijana mtaani kilichora ramani ya mabomba ya maji. Kulikuwa na bomba lililopo na bomba tulilotaka kuweka. Mimi ndiye niliyechora, kwenye laptopu ya kuazima, na sikubadilisha kitu. Bomba lililopo lilikuwa mstari mweusi. Bomba la ndoto zetu lilikuwa mstari mweusi. Vijana wanne walichimba siku mbili wakitafuta bomba la kuungia maji mahali ambapo hapakuwa na bomba ila kwenye ndoto. Tulilipa vibarua vya siku mbili kwa shimo lisilo na kitu. Wazee wakacheka, nasi tukacheka pia, ila pesa ile haikurudi. Vipande-vipande kwenye mstari mmoja vingetuokoa. Mpaka leo nikipita pale najiambia: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fanya hivi

Tusiishie kwenye mahubiri. Kabla hujagusa tarakilishi, chukua karatasi na uandike ni uhusiano wa aina ngapi ulio nao kwenye mchoro. Pengine una "anatuma ombi", "anajibu" na "anategemea". Pengine una "kilichopo" na "kitakachojengwa". Mara nyingi haizidi minne. Ikizidi, huenda unalazimisha michoro miwili kuishi kwenye ukurasa mmoja, itenganishe.

Kisha upe kila uhusiano mstari wake. Kama fani yako ina kanuni, fuata kanuni. Usibuni sarufi yako mahali ambapo watu wana sarufi tayari. Kama haina, tumia akili ya kawaida: kilicho cha hakika kiwe mstari mzima, kisicho hakika au kisichojengwa bado kiwe vipande-vipande, na njia kuu iwe nene kuliko vichochoro.

Halafu ule mstari utakaoutumia mara nyingi zaidi, ufanye uwe difolti. Katika draw.io, ambayo ni ya bure na ina toleo la kupakua linalofanya kazi hata bandali zikiisha, chora kiunganishi kimoja na ukibofye. Upande wa kulia, chini ya "Style", badilisha unene, rangi, aina ya mstari na vichwa vya mshale mpaka uridhike. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+D, au kitufe cha "Set as Default Style". Kuanzia hapo, kila kiunganishi kipya utakachovuta kitazaliwa na sura hiyo. Ukijuta, Ctrl+Shift+R inarudisha difolti ya mwanzo.

Jihadhari na jambo moja linalowachanganya wengi: mistari uliyokwisha kuchora haibadiliki. Difolti inahusu yale yajayo, hairudi nyuma. Ndiyo maana tunasema ifanye kabla hujachora. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kama tayari umechelewa na una mistari arobaini, usilie. Bonyeza Ctrl+Shift+E, viunganishi vyote vitashikwa kwa pamoja, kisha uvibadilishe kwa mkupuo. Na ile mistari michache inayopaswa kuwa tofauti, tengeneza mmoja, nakili sura yake kwa Ctrl+Shift+C, na uibandike kwa mingine kwa Ctrl+Shift+V. Dakika mbili tu.

Kwenye LibreOffice Draw, siri ni kutoshika chochote. Hakikisha hakuna umbo lililochaguliwa, kisha nenda "Format", halafu "Line", ubadilishe unachotaka. Kwa kuwa hukushika kitu, programu inaelewa kwamba unazungumzia mistari ijayo ya faili hiyo. Kwenye PowerPoint, chora mstari mmoja, uupambe, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Set as Default Line". Nao utahusu wasilisho hilo tu, hautakufuata kwenye jingine.

Na wewe unayechora kwa kuandika maneno badala ya kuvuta kipanya, kwa mfano kwa Graphviz, una raha zaidi. Weka juu kabisa neno edge na ndani ya mabano yake ya mraba useme style=dashed, na mistari yote inayofuata itatii. Mstari mmoja wa maandishi unatawala mia.

Mwisho, usiutegemee ukumbusho wa programu. Tengeneza faili moja ya kiolezo yenye mistari yako yote minne, kila mmoja na maelezo yake pembeni. Ihifadhi. Kila mradi mpya uanze kwa kunakili faili hiyo. Na ule uchoro mdogo wa maelezo, ambao kwenye ramani tunauita ufunguo, usiufute; uache kwenye kona ya mchoro wako. Msomaji asiyejua sarufi yako ana haki ya kupewa kamusi.

Rangi peke yake haitoshi

Utasema: mbona nisitumie tu rangi? Nyekundu kwa hiki, kijani kwa kile, kazi kwisha.

Swali letu ni hili: mradi wako utaprintiwa wapi? Kwenye saiba, kurasa za rangi ni ghali kuliko za nyeusi, na ukiwa na kurasa sabini unajua utachagua zipi. Nyekundu na kijani zikitoka kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe, zote zinakuwa kijivu. Ule mstari mwembamba wa bluu wa difolti nao unafifia kama wino wa kalamu inayoisha. Halafu mchoro utapigwa fotokopi ya fotokopi, na hapo hata kijivu kinaaga.

Tena yapo macho yasiyotofautisha nyekundu na kijani hata kwenye skrini nzuri, na hali hiyo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Anayesahihisha kazi yako anaweza kuwa mmoja wao. Basi rangi iwe nyongeza. Mstari wenyewe, kwa unene wake na kukatika kwake, ubebe maana hata rangi ikiondolewa. Jaribio ni rahisi: piga mchoro wako picha kwa simu, uondoe rangi, uutazame. Kama bado unasomeka, umeshinda.

Usiende upande wa pili pia

Tumewaona wengine ambao wakishagundua kwamba mstari unabadilika, hawalali. Mmoja wa nukta, mmoja wa mawimbi, mmoja mnene wa zambarau, mishale ya kila umbo. Mchoro unakuwa kama matatu ya mtaani, graffiti kila mahali. Inapendeza barabarani, lakini huwezi kujua inakwenda wapi. Kubadilisha difolti si kupamba. Kama huwezi kueleza kwa sentensi moja kwa nini mstari huu unatofautiana na ule, basi vifananishe.

Na hatusemi difolti zote ni mbaya. Wakati mwingine ule mstari mweusi mwembamba ndio hasa unaohitaji. Sawa, uache! Lakini uache kwa sababu umeutazama ukaukubali. Kati ya anayeuacha baada ya kuufikiria na anayeuacha kwa kutojua, michoro inaweza kufanana, ila siku swali la kalamu nyekundu likija, mmoja ana jibu.

Waliokataa mstari waliopewa

Mwaka wa 1931, mchoraji wa nyaya za umeme aitwaye Harry Beck alitazama ramani ya reli za chini ya ardhi za London. Mistari ilipindapinda ikifuata ardhi jinsi ilivyo, kwa sababu ndivyo ramani zilivyochorwa siku zote. Yeye akachora upya kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya nyuzi 45 pekee, kama mchoro wa umeme. Wakubwa walimkatalia mwanzoni. Mwaka wa 1933 ramani yake ikachapishwa kwa umma, na leo miji mingi duniani huchora reli zake hivyo.

Hapa kwetu, mwaka wa 2014, mradi wa Digital Matatus ulitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia kule Marekani. Njia zaidi ya 130 ambazo wengi walidhani ni vurugu tupu zikawa mistari ya rangi inayosomeka. Matatu zilikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kila njia ichorwe kwa mstari gani.

Tunachoomba

Kwa walimu na wahadhiri: msiishie kuandika "mchoro haueleweki" kwa kalamu nyekundu. Mpeni mwanafunzi kiolezo cha idara mwanzoni mwa muhula, chenye mistari inayokubalika na ufunguo wake. Ni faili moja tu. Itawaokoa nyinyi wenyewe saa nyingi za kusahihisha, na mwanafunzi atajua anahukumiwa kwa kanuni gani. Na mnaposahihisha, ulizeni maana kabla ya urembo.

Kwa wanaofundisha vijana kazi za mtandaoni, katika vituo vya Ajira Digital na kwingineko: somo la kubadilisha difolti lichukue saa moja ya kwanza, si ya mwisho. Mteja wa mbali hakujui kwa sura. Anakujua kwa kazi unayomtumia, na mchoro wenye mistari iliyochaguliwa humwambia mapema kwamba anashughulika na mtu anayefikiri.

Na kwako wewe, msomaji wetu. Umelelewa katikati ya difolti. Simu ilikuja na mlio wake, barua ya kazi ilikuja na mwandiko wake, hata wasifu wako uliuandika kwenye kiolezo ambacho nusu ya wenzako walikitumia. Mengine hayana neno, yaache yapite. Lakini mahali unapotoa kauli yako, mahali ambapo mtu atafuata ulichochora na kuchimba, kuunganisha au kutoa mzigo, hapo usikubali kitu ambacho hukukichagua.

Leo usiku, kabla hujaanza kuvuta masanduku, fungua ukurasa mtupu. Chora mstari mmoja tu. Utazame na ujiulize lile swali la kalamu nyekundu kabla mwingine hajakuuliza. Ukishapata jibu, ubadilishe uendane nalo, ufanye uwe difolti yako, kisha uanze kazi.